Wajane wa Mapambazuko Jazz

Mwaka wa 1955, mtu aliyekuwa na kazi ngumu kuliko wote pale machimboni Geita hakuwa mchimbaji wa shimoni. Alikuwa Onesmo, fundi cherehani na kiongozi wa bendi ya Mapambazuko Jazz, ambaye alitakiwa kuwakalisha wajane wawili kwenye meza moja.

Wa kwanza alikuwa Paskalia. Huyu alikuwa na hoteli ndogo ya chai na vitumbua kando ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Alikuwa Msukuma wa Mwakitolyo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyotisha watu kuliko kelele. Marehemu mumewe, Jilala, ndiye aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Wa pili alikuwa Serafina, Mzinza kutoka Chato, mrefu, muuza samaki wakavu sokoni, ambaye akicheka, walioko kisimani walijua Serafina amecheka. Marehemu mumewe, Bartholomeo, alikuwa mpigaji wa kodiani, kile kinanda cha kifuani kinachokunjwa na kukunjuliwa.

Katikati ya wiki Jilala na Bartholomeo walikuwa wachimbaji kama wachimbaji wengine, wenye vumbi hadi kwenye kope. Ikifika Jumamosi walivaa suti nyeupe zilizoshonwa na Onesmo na wakageuka kuwa mabwana. Watu walitoka Biharamulo kuja kuwasikiliza. Wasichana waliiga jinsi Jilala alivyofumba jicho moja akifika kwenye sauti ya juu, na vijana walijifunza kutembea wakiwa wamebinua kifua kama Bartholomeo, ingawa wao hawakuwa na kodiani ya kuwavuta mbele.

Lakini mabwana hao wawili walikuwa wabishi. Walibishana kuhusu mwendo wa rumba, nani atangulie kuingia kwenye wimbo, nani asimame upande wa dirisha. Wakimaliza muziki walibishana kama tembo anajua kuogelea. Na kuliko yote walibishana ni nani aliyetunga "Klara wa Mhunze", wimbo wao uliopendwa kupita nyimbo zote. Jilala alisema ni wake kwa sababu maneno ni yake. Bartholomeo alisema ni wake kwa sababu maneno bila sauti ni kelele tu, hata mnadani yapo.

Jilala alifariki kwa nimonia wakati wa masika ya mwaka uliotangulia. Aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote mazishini alikuwa Bartholomeo. Kisha naye akaugua, na kabla mahindi hayajavunwa akafariki. Watu wa kambini, wakiwa bado na machozi, walisema amemfuata mwenzake ili wamalizie ubishi.

Sasa mwaka ulikuwa umepita, na wanabendi walitaka kuwakumbuka kwa dansi la Jumamosi mchana katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi. Onesmo ndiye aliyetumwa kuomba ruhusa. Akamwita Serafina kwenye hoteli ya Paskalia, jambo ambalo baadaye alikiri kwamba lilikuwa kosa, kwani Serafina alikaa bila kuagiza chochote na Paskalia akaifuta meza yake mara kwa mara kana kwamba kuna kinyesi cha kuku.

"Mama Januari, Mama Scolastika," Onesmo alianza, akimgeukia kwanza Paskalia kisha Serafina, "tunataka kuwakumbuka wenzetu wawili."

"Vizuri," alisema Paskalia. "Mkianza na Jilala."

"Kwa nini mwanzo awe Jilala?" aliuliza Serafina.

"Alitangulia kufa."

"Kutangulia kufa nacho ni cheo siku hizi?"

Onesmo alikunywa chai yote kwa mara moja akaungua ulimi. Alipoweza kusema tena alipendekeza waanze na wote wawili kwa pamoja, kisha akahamia kwenye habari ya picha. Bendi ilikuwa na picha moja tu, iliyopigwa Mwanza, na katika picha hiyo kodiani ya Bartholomeo ilikuwa imemfunika Jilala kuanzia kidevuni hadi kwenye jicho.

"Ikatwe," alisema Paskalia.

"Ukiikata, unamkata mume wangu mkono," alisema Serafina.

"Afadhali mkono. Wangu hana uso."

Basi wakakubaliana picha mpya zichorwe. Yupo Maduhu, mchoraji aliyeandika majina kwenye mbao za maduka na kuchora maua kwenye malori, yeye atafanya. Onesmo alishusha pumzi akidhani mambo yamekwisha. Akasema, "Na mwisho kabisa tutafunga na 'Klara wa Mhunze'."

Paskalia akaacha kufuta meza. Hata maji ya chai yalionekana kuacha kuchemka.

"Huo hautapigwa," alisema Paskalia.

"Kwa mara ya kwanza mwenzangu amesema neno la maana," alisema Serafina. "Hautapigwa."

Onesmo hakuelewa. Ukweli ni kwamba kila mmoja wao alikuwa na sababu ambayo hakuwahi kuitamka. Paskalia aliamini kwamba Klara alikuwa hawara wa Bartholomeo, na kwamba Bartholomeo alimtumia Jilala, mtu mwema asiye na akili ya mambo hayo, kumwimbia mwanamke wake mbele ya umati. Aliona ni aibu. Serafina aliamini kwamba Klara alikuwa hawara wa Jilala, na mumewe alikubali kumfichia siri kwa sababu ya ujinga wa urafiki. Kila wimbo huo ulipoanza, wajane hawa, siku hizo wakiwa wake, walitoka nje ya ukumbi, mmoja kwa mlango wa mbele na mwingine kwa mlango wa nyuma, na kila mmoja alipomwona mwenzake ametoka alijisemea moyoni, "Ahaa, anajua huyu."

"Lakini, kina mama," alisema Onesmo, "watu watakuja kwa ajili ya wimbo huo. Dansi la kuwakumbuka bila 'Klara' ni kama harusi bila bibi harusi."

"Basi bibi harusi hayupo," alisema Paskalia, akaifuta meza tena.

Habari ya mchoraji nayo ilikuwa na mambo yake. Maduhu hakuwa amewaangalia sana marehemu usoni enzi zao, kwa kuwa siku za dansi yeye hukaa karibu na pombe. Paskalia alimwendea mchana, akamweleza: Jilala alikuwa na uso wa duara, macho ya upole, sharubu nyembamba, na amchore awe mkubwa kidogo kuliko yule mwingine. Serafina alimwendea jioni: Bartholomeo alikuwa na uso mrefu, macho makali, sharubu nene, na amchore awe mkubwa kidogo kuliko yule mwingine. Maduhu aliwaitikia wote wawili, "Ndiyo mama, ndiyo mama," kisha akafanya alichokiweza. Na alichokiweza ni uso mmoja, wa yule bwana aliyekuwa kwenye tangazo la sabuni dukani, ambao aliwahi kuuchora mara nyingi na mkono ulishauzoea.

Jumamosi ilipofika, ukumbi ulijaa kabla jua halijakaa sawasawa utosini. Walikuja wachimbaji waliooga hadi wakang'aa, wafanyabiashara wa sokoni, kina mama wenye khanga mpya, wafugaji waliokuja kuuza ng'ombe wakaona bora wabaki. Kulikuwa na Waislamu waliokuja na kofia zao safi na Wakristo waliotoroka mafundisho ya mchana kabla hayajaanza. Jukwaani vilining'inizwa vitambaa viwili vyeupe, na Onesmo alipovivuta, picha mbili zikatokea.

Watu wakatazama. Bwana wa sabuni kushoto, bwana wa sabuni kulia. Wa kushoto ameshika kinanda, wa kulia amefungua mdomo. Vinginevyo walikuwa pacha, wote weupe wa meno, wote nywele zimechanwa njia upande mmoja kwa mtindo ambao hakuna mchimbaji wa Geita aliyewahi kuwa nao.

Paskalia alikaa mstari wa mbele, mwisho wa kushoto. Serafina alikaa mstari huohuo, mwisho wa kulia. Katikati yao kulikuwa na viti vitupu ambavyo hakuna aliyethubutu kuvikalia.

"Wangu ni yupi?" Paskalia aliuliza, bila kumwuliza mtu maalum.

"Chagua," alijibu Serafina kutoka upande wa pili. "Mimi yeyote atanifaa. Wote wanavutia kuliko niliyekuwa naye."

Kicheko chake kikatoka kabla hajakizuia. Paskalia aliinamisha kichwa haraka, mabega yakamtikisika. Onesmo, akiwa jukwaani, alidhani analia, akaifupisha sala.

Kisha ikaja zamu ya Ngassa, mwenyekiti wa klabu, mtu aliyependa hotuba kama wengine wanavyopenda nyama. Alivaa tai. Alisafisha koo.

"Ndugu zangu, marehemu hawa wawili walikuwa mfano wa kuigwa. Walipendana kama watoto wa tumbo moja. Sijapata kusikia neno kali kati yao."

Mpiga ngoma alikohoa. Nyuma ya ukumbi mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Jilala," Ngassa aliendelea, "hakuwahi kuchelewa mahali popote. Mlevi hakuwa. Pombe hakuijua hata harufu yake."

Paskalia aliinua uso taratibu.

"Na Bartholomeo alikuwa mtu mkimya, mnyenyekevu, asiyejisifu—"

"Nani?" Serafina aliuliza.

Ngassa alisita. "Bartholomeo, mama."

"Bartholomeo yupi?"

"Mumeo, mama."

"Bwana Ngassa, shikamoo yako nakupa, lakini huyo unayemzika sasa mimi simjui. Wangu alijisifu hadi usingizini. Aliwahi kuniamsha aniambie kwamba ameota anapigiwa makofi."

Ukumbi ukalipuka. Ngassa alimgeukia Paskalia kutafuta msaada, kwa kuwa Paskalia alijulikana kuwa mtu wa heshima.

"Wangu alichelewa hata harusi yetu," alisema Paskalia kwa ile sauti yake ya chini, na kwa kuwa ilikuwa ya chini watu wote walinyamaza wamsikie. "Padri alishavua joho. Na pombe alijua harufu yake, alijua na majina ya waliopika. Usiniletee mtu mwingine, baba. Mwaka mzima watu wananiletea mtu mwingine. Wanakuja kunipa pole wanamsifu malaika, na mimi nabaki peke yangu na Jilala, sina wa kuzungumza naye habari zake."

Hapo hakuna aliyecheka. Serafina alimtazama kutoka kule mwisho wa mstari. Halafu akainuka, akavipita vile viti vitupu, akaketi kando yake, kiti kikalia.

"Siku ile ya harusi yenu," alisema, "alikuwa kwetu. Alikuwa anabishana na Bartholomeo kuhusu tai. Nikawafukuza na ufagio."

"Ndiyo maana alikuja na majani kichwani," alisema Paskalia.

Baada ya hapo hotuba ya Ngassa haikuwa na nafasi tena. Watu walianza kusimama mmoja mmoja. Mchimbaji mmoja alisimulia jinsi Jilala alivyosahau maneno ya wimbo mbele ya watu wa Mwanza, akaimba orodha ya vitu vilivyouzwa dukani, sukari, chumvi, mafuta ya taa, na watu wakacheza tu. Mwingine akasema Bartholomeo aliingia shimoni na kodiani eti ajaribu mwangwi, na msimamizi alidhani mgodi unalia. Kila hadithi ilizaa nyingine. Ngassa mwenyewe mwishowe alilegeza tai, akakiri kwamba Jilala aliazima viatu vyake na kuvirudisha vikiwa vimechakaa kwa kucheza.

Kisha, kama Onesmo alivyoogopa, sauti ikatoka nyuma: "Klara!" Nyingine ikaitikia: "Klara wa Mhunze!" Punde ukumbi mzima ukawa unapiga miguu sakafuni. Onesmo alisimama na gitaa lake jukwaani akitokwa jasho, akiwatazama wajane. Paskalia alitikisa kichwa. Serafina naye akatikisa.

"Jamani," Onesmo alisema, "wimbo huo leo hautapigwa."

"Nani kaukataza wimbo wangu?"

Aliyeuliza alikuwa bibi kizee aliyeketi kwenye benchi kando ya mlango, miguu ameinyoosha, kiko cha udongo mkononi. Watu walikuwa wamemwona tangu mchana wakadhani ni bibi wa mmoja wa wale wafugaji. Alijiinua kwa mkongojo akaja mbele, na umati ukamfungulia njia.

"Mwadila," aliwasalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu," watu wakaitikia, wakimwita mama. Wasio Wasukuma walisema shikamoo, akawaitikia marahaba.

"Mimi ndiye Klara," alisema. "Natoka Mhunze. Nilipanda treni Shinyanga, nikashuka Mwanza, nikavuka kwa kivuko, nikapanda lori lililojaa magunia ya pamba, mgongo wangu sasa si wa kwangu. Mjukuu wangu anafanya kazi shimoni hapa. Aliniambia, bibi, Geita wanaimba jina lako, na walioutunga wimbo wamekufa, tunawakumbuka Jumamosi. Nikasema nitakwenda nisikie kabla na mimi sijakufa. Sasa naambiwa hapana?"

Paskalia na Serafina walimkodolea macho. Yule hawara waliyemchukia miaka yote, waliyempangia sura, umri, rangi ya viatu na namna ya kutembea, alikuwa hana meno ya mbele, na sikio moja lilikuwa na tundu kubwa la kuwekea kipande cha mti.

"Wewe?" alisema Serafina. "Wewe ndiye Klara?"

"Nilibatizwa nikiwa mtu mzima. Padri aliniuliza nataka jina gani, nikamwambia lolote lililo fupi."

"Uliwajuaje waume zetu?" aliuliza Paskalia.

Bibi Klara alipewa kiti, akakaa, akatengeneza khanga yake bila haraka.

"Ilikuwa masika," alisema. "Lori lao lilizama kwenye tope la mbuga, ile nyeusi yetu inayoshika hata ng'ombe. Usiku nasikia watu wanabishana nje ya uzio wangu. Mmoja anasema tungepita kule, mwingine anasema nilikwambia tusipite huku. Mvua inawanyeshea na wanabishana. Nikasema hawa ni walevi, nikafunga mlango kwa gogo. Wakaanza kubisha hodi. Sikufungua. Basi mmoja akaanza kuimba, fungua mlango, mama, fungua mlango. Sikufungua. Mwingine akasema, unaharibu, wewe, niachie mimi. Akapiga kinanda peke yake. Sikufungua pia. Mwisho wakafanya wote pamoja."

"Ndipo ukafungua," alisema Onesmo kwa sauti ya kuguswa. "Kwa utamu wa wimbo."

"Mbwa wangu walianza kulia," alisema Bibi Klara. "Nikaogopa watakufa. Nikafungua ili wanyamaze."

Serafina alicheka hadi akamshika Paskalia goti ili asianguke.

"Niliwapa ugali na maziwa ya mgando," bibi aliendelea. "Mvua haikukoma, wakalala kwangu mpaka barabara ikakauka. Kutwa nzima wanautengeneza wimbo ule na kutukanana. Niliwaambia, atakayemtukana mwenzake tena hali chakula. Ndiyo maana ule wimbo ulikwisha."

"Aliutunga nani, bibi?" watu wakamwuliza kwa pamoja. "Jilala au Bartholomeo?"

"Njaa," alisema Bibi Klara. "Sasa pigeni."

Onesmo aliwatazama wajane. Paskalia aliinua mkono akaushusha, kama mtu anayemfungulia ng'ombe zizi. Bendi ikaanza. Mwimbaji mpya, kijana mwenye sauti laini aliyetoka Bukoba, akaimba:

*Klara, Klara wa Mhunze,*
*fungua mlango, mvua inatupiga,*
*taa yako naiona dirishani,*
*usituache nje tuote majani.*

Ukumbi uliimba naye. Kilipofika kipande cha pili, mwimbaji aliendelea kama ambavyo wimbo uliimbwa siku zote pale Geita: la-la-la, la-la-la, hadi mwisho.

Bibi Klara aligonga sakafu kwa mkongojo. "Simamisheni! Maneno yako wapi?"

"Hapo hakuna maneno, bibi," alisema Onesmo. "Siku zote ilikuwa la-la-la."

"Nani kasema? Waliyaimba kwangu. Walicheka hadi mmoja akapaliwa na maziwa."

Akaweka kiko chini. Akafumba macho, na kwa sauti iliyopasuka kama chungu, lakini yenye mwendo uleule wa rumba, akaimba:

*Klara, mama, kukicha tutasema nini?*
*Wake zetu Geita hawana masihara.*
*Paskalia wangu atanimwagia chai,*
*Serafina wake ana kambale mkavu,*
*atamwuliza ulilala wapi,*
*huku kambale yuko hewani.*

Halafu kicheko kilipasuka ukumbini, kikaenda nje kwa waliokosa nafasi, kikarudi. Watu waligaragara. Mpiga ngoma alidondosha fimbo zake. Maduhu mchoraji aliangukia ukuta, na bwana mmoja wa sabuni akaning'inia upande.

Wajane wawili walikaa wameduwaa. Waume zao walikuwa wamewaweka ndani ya wimbo uliosikika hadi Biharamulo, kisha wakaogopa kuwataja mbele yao, wakaweka la-la-la. Na wao kila mara walikuwa wametoka nje.

"Kambale," alisema Serafina. "Aliniimbia kambale."

"Bora wewe," alisema Paskalia. "Mimi ni chai." Akamgeukia. "Alisema 'Paskalia wangu', umesikia? Amesema wangu."

"Nimesikia."

"Kwa mdomo wake hakuwahi kuniambia hivyo. Aliniita Mama Januari hadi anakufa."

Serafina alitoa ncha ya khanga yake akampa. Paskalia alipangusa macho, akapenga, akamrudishia. Kisha akasimama, mfupi vile, akaenda jukwaani.

"Rudia, mayu," alimwambia Bibi Klara. "Polepole. Nataka nijifunze."

Bibi aliimba mstari, Paskalia akaufuata kwa sauti yake ya chini, ambayo kumbe kwenye wimbo ilikaa vizuri kuliko mtu yeyote alivyodhani. Mpiga kodiani mpya alijaribu kuwafuata akapotea, maana kipande hicho hakuwahi kukipiga kwa maneno. Hapo Serafina alishindwa kuvumilia. Alipanda jukwaani akamsimamia kijana yule kama mama mkwe.

"Siyo hivyo, baba. Usikimbie. Bartholomeo alikipiga hivi nyumbani kila asubuhi, akiningoja nipike: ti-ri-ri, ti-ri, halafu unavuta, unavuta, unakaa. Ukikaa, ndipo mwimbaji anaingia. Alikuwa anamwachia Jilala nafasi, japo angekufa kuliko kukubali."

"Alimwachia?" aliuliza Paskalia.

"Kila mara. Sikiliza."

Kodiani ikavuta, ikakaa. Paskalia akaingia hapohapo, mahali pale palipokuwa pamewekwa wazi kwa ajili ya mumewe, na wimbo ukashika njia. Watu wakaanza kucheza, wachimbaji na kina mama wa sokoni, na wafugaji wakirukaruka kwa mtindo wa ngoma zao kwa kuwa rumba hawakuijua. Ngassa alivua viatu kabisa. Ulipigwa mara nyingi hadi jua likaelekea kuzama na Onesmo akachoka vidole, na kila ulipofika kwenye kambale, Serafina aliinua mkono mtupu juu kama ameshika kitu, na ukumbi ukapiga yowe.

Kwa siku chache zilizofuata Bibi Klara alikuwa mtu wa kugombewa. Alilala kwa Paskalia, akala kwa Serafina, na alipopelekwa makaburini baada ya misa ya Jumapili aliwasalimu marehemu kama watu waliochelewa kuamka. "Wabeja," aliwashukuru kwa Kisukuma, "jina langu mmelifikisha mbali." Halafu aliwaamuru wajane wang'oe magugu, kwa sababu mgongo wake haukuwa umepona magunia ya pamba.

Siku ya kuondoka walimsindikiza wote wawili kwa lori hadi kwenye kivuko. Bibi alivuka akiwa amekaa kwenye gunia la mpunga kama chifu, moshi wa kiko ukimfuata. Hakugeuka nyuma. Walimtazama hadi akawa mdogo kama punje.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu na yenye mashimo. Walikaa nyuma ya lori juu ya magunia matupu, vumbi likiwapaka. Mwanzoni walizungumza kuhusu waume zao, hadithi mbaya mbaya, zile ambazo mwaka mzima hawakuwa na wa kumwambia. Kisha Serafina akasinzia, kichwa chake kirefu kikaegemea bega fupi la Paskalia, akaanza kukoroma. Bega likamfa ganzi Paskalia kabla hata hawajafika nusu ya njia. Aliona vilima vya Geita vinaanza kujitokeza, akaona na wingu la mvua juu ya vilima hivyo, lakini hakusogea wala hakumwamsha.